Amana ya Wakala

Asubuhi ile nilitoka chumbani kwangu Hamriya, hapa Maskati, bila kujua naenda wapi. Ndivyo nilivyo tangu nilipoacha shule kabla ya wenzangu. Kazi ikinichosha naiacha, natia mafuta kwenye gari, nafuata barabara mpaka nikute kitu cha kutazama. Juma lile nilikuwa nimeacha kazi ya kupeleka vipuri vya viyoyozi. Hakuna aliyenifukuza wala sikugombana na mtu. Nilikuwa nimeshaijua milango yote ya wateja, na mlango nikishaujua hauniambii tena kitu.

Jua lilikuwa bado halijawa kali. Nilifika Khuwair ya Kusini, nikasimama penye duka la chai ambalo ukipiga honi unaletewa kikombe dirishani. Mimi huwa nashuka. Ukikaa ndani ya gari husikii habari. Ndani nilimkuta dereva mmoja ninayemjua kwa sura, ameshika simu na kulalamika kwamba amepewa mgeni wa mkutano ambaye, akitoka mkutanoni, hataki tena kusikia Kiingereza.

"Anataka Kiswahili," alisema kwa Kiarabu, akimwambia mtu wa upande wa pili. "Mie nitakitoa wapi?" Halafu akaniona. "Wewe si katika wale wa Zinjibar?"

Chai yangu ilikuwa haijaisha nikawa nimepata kazi.

Mgeni mwenyewe alikuwa mama wa makamo, mwanasheria wa serikali kutoka Dodoma. Alinisubiri nje ya hoteli na mkoba mzito, nikamfungulia mlango wa nyuma, yeye akaenda kukaa mbele.

"Nyuma huwa nasinzia," alisema. "Kaka, Kiswahili chako cha wapi hiki?"

"Cha Unguja, cha wazee wangu. Mimi nimekulia hapa Maskati."

"Na hukukisahau?"

"Shangazi yangu hakubali. Ukimjibu kwa Kiarabu anajifanya kiziwi."

Akacheka. Njiani akanieleza alilokuja kulifanya. Walikuwa wamekusanyika wajumbe wa nchi zinazopeleka watu kufanya kazi nje na wa nchi zinazowapokea, kuzungumza juu ya mikataba ya kimataifa inayowalinda wafanyakazi hao. Nikamwuliza inakuwaje nchi ikaingia kwenye mkataba. Nikamwuliza nani anaihesabu, nani anaifuata ikikiuka. Tulipofika alinitazama kama mtu anayepima uzito.

"Wewe maswali yako hayatatoshea kwenye maegesho," alisema. "Nibebee huu mkoba."

Basi nikaingia naye. Alimwambia mtu wa mlangoni kwamba mimi ndiye mwenye kushika mafaili yake, nikakaa kiti cha mwisho kabisa, karibu na birika za kahawa. Nilitazamia kelele. Sikuona kelele. Niliona bendera ndogo mezani, chupa za maji, watu wamevaa vipokea sauti masikioni wakisubiri tafsiri ifike. Mjumbe mmoja alisema nchi yake inaunga mkono mkataba kwa moyo wote na bado inaendelea kuusoma. Akafuata mwingine, naye nchi yake bado inausoma. Mimi niliacha shule mapema, lakini sijapata kuona wanafunzi wanaosoma kitu kimoja kwa muda mrefu kama serikali.

Jioni, tukirudi, nilimwambia hivyo. Hakucheka safari hii.

"Kaka, mkataba ukipitishwa kwenye mkutano mkuu haujamfunga mtu," alisema. "Ni kama nguo imetundikwa dukani. Nchi ikitia saini, imesema nguo nimeipenda. Bado haijainunua. Kuinunua ni kuridhia. Huko kwetu bunge linakaa, kwingine anaamua mwenye mamlaka. Zipo zinazonunua kwa masharti, zinamwambia fundi apunguze mkono, kifungu fulani hatukitaki. Halafu inaandikwa hati ya kuridhia, na hati hiyo inapelekwa kwa mtu mmoja aliyekubaliwa na nchi zote kuwa ndiye mtunzaji."

"Inawekwa amana."

"Naam. Inawekwa amana."

"Halafu?"

"Halafu nchi inarudi nyumbani kutengeneza sheria zake zifanane na ilichokiahidi. Na kila baada ya muda inaandika ripoti. Ipo kamati ya wataalamu, inasoma, inauliza maswali."

"Wasipojibu?"

"Wanaulizwa tena."

"Na askari?"

"Hakuna askari. Kuna aibu tu."

"Aibu inatosha?"

"Nchi nyingine inazitosha. Nyingine zina macho makavu." Akatazama nje, kwenye majabali ya rangi ya kahawia yaliyosimama nyuma ya nyumba nyeupe. "Na usidhani wagumu ni wanaopokea watu peke yao. Sisi tunaowaleta nasi tunaogopa. Tukidai sana, tunaona nafasi zitakwenda kwa jirani. Kila mtu anamngoja mwenzake atangulie. Na pagumu kuliko pote ni majumbani. Kiwandani mkaguzi anaingia. Nyumbani kwa mtu ataingiaje? Heshima ya nyumba imemfungia mlango."

Hapo nilikuwa nimeshaanza kufikiria nyumba moja.

Shangazi yangu, dada mkubwa wa marehemu baba, anaishi Madinat Sultan Qaboos kwa mwanawe, ambaye ni afisa wa serikali. Kila Ijumaa nala kwake. Tangu magoti yamkatae, aliletewa binti wa Kikenya kumwangalia, mwanamke kama wa miaka thelathini kutoka upande wa Bungoma. Walipatana. Asubuhi binti humkanda magoti kwa mafuta ya karafuu, na huku anakandwa shangazi humsimulia habari za Unguja zile zile, na binti huitikia kama anazisikia kwa mara ya kwanza. Jumapili huimba tenzi zake za kanisani jikoni kwa sauti ya chini, na shangazi akimsikia husema, "Leo huyu anaimba vizuri kuliko juzi." Hakulala njaa nyumba ile wala hakuinuliwa mkono. Nayaandika haya ili isidhaniwe kwamba nazungumzia nyumba mbaya.

Mkataba wake wa kazi ulikuwa umekwisha. Kwao, mama yake alikuwa amepooza upande mmoja, na mama huyo ndiye aliyekuwa akimlea mtoto wake wa kike. Sasa mtoto alikuwa kwa jirani, na jirani ameanza kusema kwamba naye ana watoto wake. Binti aliomba kwenda nyumbani, binamu yangu akakubali, akasema atamaliza mambo ya viza na tiketi. Kilichobaki ni pasi yake ya kusafiria. Pasi ilikuwa ndani ya mkebe wa biskuti, ndani ya kabati la shangazi, na ufunguo wa kabati uko kiunoni mwa shangazi. Binamu yangu, anayeogopwa na ofisi nzima, hathubutu kuugusa ufunguo ule.

Shangazi hakukataa binti asiende. Alisema, "Aende kwa salama, mamake mgonjwa. Lakini pasi kanipa wakala kwa mkono wake, hapo barazani, akanambia, bibi, hii amana, niwekee. Na aje wakala aichukue."

Wakala aliyemleta binti hakuwepo. Nilikwenda mwenyewe kumtafuta. Ofisi yake ilikuwa kwetu Hamriya, juu ya duka la vyombo. Nilikuta wanauza vifuniko vya simu, na mwenye duka hakujua hata kwamba chumba kile kilipata kuwa ofisi. Nilimpelekea shangazi habari hiyo.

"Basi ntamngoja," alisema.

Mtu asiyeijua familia yetu atamwona mkaidi. Walipoondoka Unguja, shangazi akiwa msichana, mama yake aliacha bangili zake za dhahabu kwa jirani, zimefungwa kwenye kipande cha kanga. Miaka ikapita. Mjomba wao mmoja akapata safari ya huko, akatumwa akazichukue. Jirani alimkaribisha, akampikia, akamlaza, na bangili hakumpa. Alimwambia, nakujua wewe nani, lakini siye wewe uliyenipa. Mjomba alirudi amekasirika. Baadaye bibi yangu, mwenye bangili, alikwenda mwenyewe, na yule jirani, mtu mzima sasa, akazitoa zote, katika kanga ile ile, fundo lile lile. Kwetu hadithi hiyo husimuliwa kama watu wengine wanavyosimulia vita vyao. Amana hurudi kwenye mkono uliotoa. Shangazi amelelewa na fundo lile.

Siku ya pili ya mkutano nilimweleza mwanasheria yote haya. Nilidhani ataniambia niende ofisi ya kazi, na kweli aliniambia. Alisema hapa kanuni ziko wazi kwamba pasi ni ya mwenyewe, kwamba njia ya kulalamika ipo, na kwamba hata ubalozi waweza kumpa binti hati nyingine ya kusafiria.

"Lakini ni shangazi yangu," nilimwambia.

Akanigeukia polepole. "Ndivyo ilivyo siku zote, kaka. Kila nchi iliyokaa mle ndani ni shangazi wa mtu." Kisha akasema, "Nipeleke nikamsalimie."

Nikampeleka jioni ile. Shangazi alifurahi kupata mgeni anayejua kuamkia. Zikaletwa tende, halua na kahawa. Binti ndiye aliyekuwa akimimina, anaingia na kutoka, anachukua visahani, anarudi na mandazi ya moto. Shangazi alimwuliza mgeni juu ya Dodoma, kama kweli kuna vumbi hivyo, na kama watu wake wanajua kupika wali.

"Tunajua, bibi, ila hatutii nazi."

"Basi hamjui," shangazi alisema, na wote tukacheka, na binti naye, akiwa mlangoni na sinia.

Nilidhani mambo yatakuwa mepesi. Mwanasheria akaweka kikombe chini, akaanza kwa heshima zote. Akasema nchi nyingi duniani zimekaa pamoja kuyazungumza haya, kwamba mtu akiwa ugenini pasi yake ndiyo miguu yake, na kwamba yeye, kwa niaba ya binti huyu, anaomba bibi aitoe.

Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akavuta mtandio wake.

"Kwa niaba," alisema. "Weye ndiye uliyenipa?"

"Hapana, bibi."

"Huyu mwanangu mzururaji ndiye aliyenipa?"

Nikatikisa kichwa.

"Basi mnataka mie niwe mtu wa namna gani? Nitoe amana ya mtu kwa kila aingiaye na kunywa kahawa? Kesho wakala akisimama pale mlangoni, nimwambie nini? Kaja mama mmoja wa Dodoma, ana maneno mazuri?" Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza. "Mie sijaiba pasi ya mtu. Katika umri wangu huu sijapata kuitwa mwizi, na sikutarajia kuitwa leo, na wageni wangu."

"Hakuna aliyesema hivyo, bibi."

"Kunywa kahawa yako, mwanangu. Inapoa."

Tukanywa. Binti aliondoa visahani bila kunyanyua macho.

Gari lilikuwa limeshaingia barabara kuu. Mwanasheria aliweka mkoba magotini, akaufunga na kuufungua.

"Nimeharibu," alisema. "Na unajua nimeharibu wapi? Siyo kwa bibi. Nimekaa sebuleni namzungumzia mtu, na yeye anapita mbele yangu na sinia. Sikumwuliza neno hata moja. Nimemwambia asante kwa mandazi." Akaufunga mkoba tena. "Kule ukumbini ndivyo tunavyofanya tangu jana. Serikali inaiahidi serikali, hati inawekwa kwa mtunzaji, sisi wote tunaandika ripoti. Mwenye jambo yuko jikoni."

Nilimshusha hotelini, nikarudi Madinat Sultan Qaboos kwa kisingizio kwamba nimesahau miwani. Binti alikuwa anaosha vikombe. Watoto wa binamu yangu huniita ami, naye amelichukua jina hilo kwao.

"Ami, miwani uko nayo kwa shati," alisema.

Nikaketi kwenye kigoda. Nikamwuliza alimpa vipi wakala ile pasi.

"Mimi? Sikupeana." Alizima bomba, akageuka. "Tuliposhuka ndege tulikuwa wasichana wengi. Jamaa wa ofisi alikuwa amesimama hapo, akapita akizichukua zote, moja moja, kama mwalimu anachukua mitihani. Nikamwuliza ya nini. Akaniambia songa mbele, unazuia wenzako. Nikasonga."

"Mbona hukumwambia shangazi?"

"Hakuniuliza." Alisema bila kinyongo, kama anayeeleza kitu cha kawaida. "Na mimi nilidhani anajua. Nilidhani nyinyi wote mnajua ndivyo hufanywa."

Nje kiyoyozi cha jirani kilikuwa kinatonesha maji juu ya bati.

"Bibi hatoi kitu kwa mtu ambaye hakumpa," nilimwambia hatimaye. "Wala haombwi na mtu mwingine. Itabidi useme mwenyewe."

"Nitaanza aje kumwambia, ami? Yule ni mtu mzima. Kwetu huwezi kumwangalia mtu mzima machoni ukamwambia nipe changu. Na akikasirika? Mimi ndiye hulala hapa, si wewe na yule mama."

Alikuwa amesema kweli. Nilichokuwa nikimwomba kilikuwa kikubwa kwake kuliko kwangu. Nikamwambia akiwa tayari, na akitaka, nitakuwepo. Akasema nije asubuhi na mkate, kama mtu aliyekuja na lake.

Asubuhi nikaja na mkate. Shangazi alikuwa amenyoosha miguu juu ya mto, binti amepiga magoti sakafuni anamkanda, harufu ya karafuu imejaa chumba. Shangazi alikuwa amenuna tangu jana, nikaona hata hadithi hasimulii.

"Yule mama yako wa Dodoma amekwenda?" aliniuliza.

"Bado, shangazi. Leo ndiyo mwisho."

"Hajui kupika wali," alisema.

Binti alikanda goti la kulia, akahamia la kushoto. Nilidhani hatasema. Mikono yake ikasimama.

"Bibi," alisema, akitazama goti. "Ile pasi ni yangu."

"Najua ni yako. Picha yako."

"Yule mtu wa ofisi hakuiomba kwangu. Aliichukua kwa uwanja wa ndege. Nilimwuliza ya nini, akaniambia nisonge. Mimi sikumpa, Bibi. Sijawahi kumpa mtu."

Shangazi aliitazama mikono ile juu ya goti lake, kama ndiyo kwanza anaiona.

"Hukumpa kwa hiari yako?"

"La."

"Hakukwambia anakuwekea?"

"Hakuniambia kitu."

"Mie nkadhani…" Akaanza tena. "Mie nkadhani yeye kama walii wako, msimamizi wako. Msichana kaja ugenini peke yake, kampa mtu mzima vitu vyake amshikie. Ndivyo nlivyodhani, miaka yote hii." Akanigeukia. "Na weye ulijua?"

"Nimejua jana, shangazi."

"Basi ile siyo amana," alisema. Sauti ilikuwa imemshuka. "Kitu kilichotwaliwa hakiwi amana. Nna kitu cha kunyang'anywa ndani ya kabati langu, nimekiweka pamoja na msahafu wa mama yangu, na kila usiku nakifungia kwa ufunguo."

Alijaribu kuinuka bila kutusubiri. Binti akamshika mkono huu, mimi ule, tukaenda naye mpaka kabatini. Alifungua mwenyewe. Akatoa mkebe wa biskuti, akaufungua, ndani mna vyeti vya kuzaliwa, picha za zamani, kipande cha kanga kilichochakaa, na pasi, imefungwa kwa karatasi safi na utepe. Aliitunza vizuri, hilo sitalificha. Hata kona haikujikunja.

Akaifungua utepe, akaiweka kwenye kiganja cha binti, akakifunga kiganja kwa mikono yake yote miwili.

"Niwie radhi," alisema. "Unihalalishie."

"Bibi, usiseme hivyo."

"Ntasema. Unihalalishie."

"Nimekuhalalishia, Bibi," binti akasema. Sijui kama alilijua vyema neno lile, lakini alilisema kama lilivyotakiwa kusemwa.

Kisha shangazi alifanya jambo ambalo bado ninalifikiria. Alinyoosha mkono, kiganja juu. "Sasa ni yako," alisema. "Mpaka siku ya safari ni siku nyingi, na nyumba hii ina watoto wasiotulia. Ukitaka nikuwekee, nipe weye mwenyewe. Hiyo ndiyo itakuwa amana."

Hapakuwa na hila katika maneno yale. Namjua. Alitaka kuitengeneza ile siku ya barazani, ifanyike upya, safari hii kwa haki. Na binti naye alijua. Alimtazama usoni, akakitazama kiganja, na mimi nikaona namna alivyotaka kumfurahisha. Halafu akaitia pasi ndani ya mfuko wa aproni, akaweka mkono juu ya mfuko.

"Nitakaa nayo, Bibi."

Mkono wa shangazi ulibaki wazi kidogo. Akaurudisha, akafuta vidole kwa mtandio kana kwamba vina mafuta.

"Haya," alisema. "Kaa nayo. Goti la kushoto hujamaliza."

Nilichelewa kumchukua mwanasheria. Nilipomwambia sababu hakuuliza kingine. Alikaa mbele, mkoba magotini, akafuta macho kwa ncha ya mtandio kisha akasema jua la nchi hii ni kali. Mchana ule nilimsikia akisimama ukumbini. Alipendekeza iandikwe kwamba kabla nchi haijapeleka ripoti yoyote, wafanyakazi wenyewe waulizwe, na waliyoyasema yaambatanishwe. Wajumbe walizungumza juu ya sentensi ile mpaka kahawa ikaisha kwenye birika karibu na kiti changu. Mwishowe iliandikwa, kwa maneno laini kuliko aliyoyataka. "Pale inapowezekana," waliongeza. Njiani kwenda uwanja wa ndege nilimwuliza kama ameridhika.

"Hapana," alisema. "Lakini imeandikwa. Mwakani mtu ataweza kuuliza iliwezekana wapi."

Binti aliondoka baada ya viza kufutwa. Shangazi hakuja uwanjani kwa ajili ya magoti, lakini alimpa kanga na chupa ya mafuta ya karafuu kwa ajili ya mama yake, akamwonyesha mara mbili namna ya kukanda upande uliopooza, kama vile binti ndiye aliyekuwa hajui. Kwenye foleni ya ukaguzi nilimwona akitoa pasi, anaipokea, anaitazama, anaipeleka kwa afisa wa pili, anaipokea tena. Alipopita kioo aligeuka, akainyanyua juu nione.

Sikutulia tena vizuri katika nyumba ile baada ya hapo. Shangazi alipata msaidizi mwingine, mwanamke mzima kutoka Bara Hindi, na siku ya kwanza, kabla hajamwonyesha jiko, alimwuliza pasi yako iko wapi, na mwanamke akaogopa, akadhani anadaiwa. Ilibidi binamu yangu aje amweleze kwa lugha nyingine kwamba bibi anataka tu kuiona iko mkononi mwake. Nilicheka siku ile, lakini kwa muda mfupi. Ijumaa zilizofuata nilikuwa nikila nikitazama milango ya nyumba ambayo nilidhani nimekwisha kuijua yote.

Asubuhi nyingine nikatoka tena. Safari hii shangazi alikuwa amenipa mkebe wa halua. "Kama miguu yako itakupeleka upande wa Bungoma," alisema, "mpe mamake. Na kama haitakupeleka, kula mwenyewe, usiniletee hadithi." Miguu ikanipeleka. Nilishuka Nairobi, nikaendelea magharibi, na alasiri moja, mvua imetoka kunyesha na barabara ni nyekundu, nikafika Bungoma, mji ambamo simjui mtu isipokuwa mmoja ambaye hakujua kama nakuja.

Nilipata nyumba ya wageni nyuma ya soko. Mwanamke aliyekuwa mezani alikuwa anachambua mboga huku redio inaimba. Akanikaribisha vizuri, akaniuliza natoka wapi, nikamwambia Maskati, akasema amesikia huko ni moto. Chumba kilikuwapo, kina dirisha. Akaandika jina langu, akanyoosha mkono.

"Pasi tunaweka hapa mpaka siku ya kutoka," alisema. "Ni kwa usalama wako, mzee. Wageni wote huacha."

Nilikuwa nimeshaitoa mfukoni. Katika maisha yangu ya kutangatanga nimezitoa karatasi zangu kwa watu wengi bila kufikiri, na zimerudi. Mkono wake ulikuwa wazi juu ya meza, una maji ya mboga, hauna ubaya wowote. Nikaona shida ya jambo lile kwa mwili wangu. Ilikuwa ngumu kumnyima mtu aliyeniita mzee na kunipa chumba chenye dirisha.

"Andika namba, mama," nilimwambia. "Halafu nitakaa nayo."

Alinitazama, akatazama pasi. Redio ikamaliza wimbo, ikaanza mwingine. Akafuta vidole kwa leso, akaifungua, akaandika namba polepole, akihakikisha kila tarakimu. Mimi nilisimama pale pale mbele ya meza mpaka aliponirudishia. Halafu nikachukua ufunguo, nikabeba mkebe wa halua, nikapanda ngazi.